Kuandika vitabu vya watoto na kuvifikisha mikononi mwao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota kwenye warsha, kwenye meza za maonesho ya vitabu, na katika simu za jioni za watu waliopewa namba yangu na mtu waliyempata kwa mtu. Naandika na kuhariri vitabu vya watoto Dar es Salaam, kwa hiyo mifano mingi ni ya Tanzania. Pale mambo ya Kenya yanapokuwa tofauti, nimesema. Jibu likikupeleka kwenye swali jingine, lifuate, kwa sababu sikutaka kurudia.

## Kabla hujashika kalamu

1. Mimi si mwalimu wala sijasomea fasihi. Naweza kuandika kitabu cha watoto?

Unaweza. Miswada mizuri niliyopokea imetoka kwa muuguzi, kwa fundi cherehani na kwa babu mstaafu wa reli. Mibovu pia imetoka kwa watu wa kila aina, wakiwemo wenye shahada tatu. Mtu akinipigia namuuliza jambo moja: mara ya mwisho ulimsomea mtoto kwa sauti lini? Akianza kukohoa, namwambia aende kwanza akasome na mtoto yeyote wa jirani kwa mwezi mzima, halafu anipigie tena. Wengi hawarudi. Wanaorudi huwa wameshabadilisha hadithi yao.

2. Nimwandikie mtoto wa umri gani?

Chagua mmoja na umtaje: "msichana wa Darasa la Pili anayesoma kwa kidole." Kitabu cha "watoto wa miaka 4 hadi 14" hakina msomaji.

Kwa mtoto ambaye bado anasomewa, lugha inaweza kuwa tajiri, kwa sababu mdomo unaosoma ni wa mtu mzima. Kwa Darasa la Kwanza na la Pili, mtoto anasoma mwenyewe, na hapo ndipo kazi ngumu kuliko zote ilipo (tazama swali la 4). Kuanzia Darasa la Tatu hadi la Nne unaweza kuingia kwenye sura fupifupi. Kwa wakubwa zaidi, wa miaka 11 na kuendelea, tuna uhaba wa kusikitisha: mtoto aliyemaliza vitabu vya sungura anakutana ghafla na riwaya za watu wazima, katikati hakuna kitu. Ukiwa na hadithi ya umri huo, wachapishaji watakusikiliza.

3. Kitabu cha kiada na cha ziada vinatofautianaje?

Cha kiada ndicho kinachofundishiwa somo, cha ziada ni cha kusoma pembeni. Tanzania, vya kiada huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), na wachapishaji binafsi wamebaki zaidi na vya ziada, ambavyo huombewa ithibati ili vitumike shuleni. Kenya wachapishaji binafsi bado huandika vya kiada, KICD (Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya) huvipitisha, na tangu 2018 serikali huvinunua na kuvipeleka shuleni moja kwa moja. Hadithi yako, kokote uliko, karibu hakika ni ya ziada.

## Lugha

4. Nimeambiwa nitumie maneno mafupi na sentensi fupi. Je, inatosha?

Haitoshi, na hapa ndipo watu wengi huteleza. Kanuni ya "maneno sita kwa sentensi" imetoka kwenye lugha ambazo neno lake ni kipande kidogo. Kiswahili neno moja hubeba sentensi nzima. Tazama mstari huu, ulikuwa kwenye mswada wangu mwenyewe, kitabu cha Darasa la Pili:

*Juma hakumwambia mama yake kwamba amekwishalipoteza kopo la mafuta.*

Maneno tisa. Nilijiona nimejitahidi. Nikampa mtoto wa jirani asome. Kwenye *hakumwambia* alipunguza mwendo: ha, ku, mwa, akasimama, mbi, a. Kwenye *amekwishalipoteza* alifika *kwi*, akanitazama usoni kama mtu aliyeuziwa embe bovu, akaruka hadi *kopo*. Silabi nane ndani ya neno moja, na mojawapo ni *kwi*, inayohitaji midomo miwili ya Darasa la Pili. Zaidi ya hapo, alipofika mwisho hakukumbuka mwanzo. Nikaandika upya:

*Juma alipoteza kopo la mafuta. Mama hajui.*

Maneno saba, lakini neno refu kuliko yote sasa lina silabi tano, na zote ni za konsonanti moja na irabu moja au irabu peke yake. Na angalia *Mama hajui*: ni fupi na ina hofu ndani yake. Mtoto aliisoma akasema "Atapigwa!" Hapo nikajua hadithi imeanza.

Kwa hiyo hesabu silabi, usihesabu maneno. Kwa wanaoanza, tahadhari na silabi nzito: *mbw, nyw, ng'w, kwi, shw*. Usizifute kabisa, kwa kuwa mbwa ni mbwa na watoto wanampenda, ila usizirundike kwenye ukurasa mmoja. Jihadhari pia na viambishi vinavyopandana: *aliyemnunulia, walipokuwa wamekwenda, asingalimwona*. Mtoto anavitamka vizuri sana akiongea. Kuvisoma ni jambo lingine. Na *ng* na *ng'* zitenganishe kwa uangalifu, maana kosa la chapa kwenye *ng'ombe* litafundisha darasa zima kukosea.

5. Mwisho wa hadithi niweke funzo?

Swali hili hunichosha, lakini ni haki yake kuulizwa, maana sote tumekua na "hadithi hii inatufundisha nini?" ubaoni. Jibu langu ni hapana. Mtoto aliyecheka fisi alipokwama kwenye shimo ameshapata funzo. Ukimwandikia chini kwamba uroho ni mbaya, umemwambia hukumwamini. Mwalimu akitaka kuuliza maswali, atauliza.

Kuna waandishi wenzangu wanaobisha, hasa wanaoandika kuhusu usafi na malaria. Nawaelewa, wafadhili wao wanataka kuona chandarua. Basi weka chandarua kwenye picha, juu ya kitanda cha Juma, na hadithi iendelee kumhusu Juma.

6. Wanyama wanaoongea au watoto wa kweli?

Vyote. Sungura na fisi hawajachoka, ila waandishi wamechoka kuwafikiria, ndiyo maana kila mswada una sungura yuleyule mjanja anayemdanganya fisi yuleyule. Mpe sungura tatizo jipya. Kwa watoto wa kweli, waache wafanye mambo ya kweli: kupanga foleni bombani, kudandia daladala kwa nauli ya mwanafunzi, kulea mdogo wao wakati mama yuko sokoni.

7. Niandike Kiswahili cha wapi? Kitabu cha Tanzania kitasomeka Kenya?

Andika Kiswahili sanifu katika masimulizi, na uache mazungumzo yanuse mahali pake. Mtoto wa Nakuru hatapotea akikuta *daladala* kama picha inaonyesha basi dogo limejaa watu; anajua ni *matatu* yao. *Kiberiti* na *kibiriti* hakuna atakayegombana. Kinachokwamisha ni vitu vya shule, kwa mfano ukiandika "Darasa la Kwanza" kwa msomaji anayesema "Gredi ya Kwanza". Mchapishaji akitaka kuuza pande zote mbili, mhariri atashughulikia hayo kwa nusu siku. Ukikwama kwenye istilahi, BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wapo kwa kazi hiyo.

## Picha na umbo

8. Lazima nimtafute mchoraji kabla ya kupeleka mswada?

Hapana. Mchapishaji mwenyewe hutafuta mchoraji, humlipa na huongoza kazi yake. Ukimlipa mpwa wako achore, mara nyingi picha zitatupwa na pesa yako itakuwa imeenda.

Unachopaswa kufanya ni kuandika maelezo ya picha pale tu ambapo maneno hayajitoshelezi: "Juma anasema hajaona kopo, lakini kopo liko nyuma ya mguu wake." Halafu, michoro ikija, isome kama unavyosoma maandishi. Niliwahi kuandika mbuzi amefungwa kwenye mwembe, mchoraji akachora mnazi, mimi nikatazama ile picha mara tatu nikaisifia rangi. Kitabu kilishachapwa. Siku ya kwanza ya kukisoma, msichana mmoja mstari wa mbele akainua mkono: "Mwalimu, mbona huu mnazi?" Hadi leo nikisoma kitabu kile nasema "mnazi" kwa sauti na kuficha maandishi kwa kidole gumba.

Angalia pia mavazi. Mchoraji asiyevaa kanga huweka maandishi popote. Jina la kanga, yaani yale maandishi yake, hukaa upande wa chini wa mji (sehemu ya katikati ya kanga), juu kidogo ya pindo, na bibi yeyote ataliona kosa kabla ya kusoma neno la kwanza.

9. Kwa nini kila mtu anasema kurasa 24 au 32?

Kwa sababu ya karatasi. Kitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa ambayo ikikunjwa hutoa kurasa 8 au 16 kwa mkupuo. Hadithi ya kurasa 27 maana yake ni kurasa tupu ulizozilipia. Kumbuka pia kwamba ukurasa wa jina na wa hakimiliki vimo ndani ya hesabu: kati ya 24, hadithi yenyewe hupata kama 20. Kitabu cha pini katikati hufunguka vizuri zaidi mikononi mwa mtoto, kwa hiyo usilazimishe uti wa gundi kwenye kitabu chembamba.

10. Naweza kuchora kwa akili mnemba?

Kompyuta yako, hiari yako. Mimi sifanyi hivyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kazi: mhusika hubadilika sura kutoka ukurasa hadi ukurasa, na watoto huona hilo haraka kuliko wewe. Ya pili ni kwamba wachoraji wa vitabu vya watoto hapa kwetu ni wachache, na wakikosa kazi miaka miwili wataenda kuchora mabango ya simu, hatutawapata tena. Ukitumia, mwambie mchapishaji mapema, asije akaligundua baada ya kusaini mkataba.

## Mswada, mkataba na fedha

11. Nitajuaje mswada umeiva?

Mpe mtoto wa umri ulioutaja kwenye swali la 2 ausome kwa sauti, asiye wako, na wewe kaa kimya. Kimya kabisa. Usimsaidie neno. Weka alama pale anaposimama, anaporudi nyuma na anapogeuza ukurasa kabla hajamaliza. Rudia kwa watoto watano. Alama zikirundikana mahali pamoja, tatizo ni lako, hata kama sentensi hiyo unaipenda kama mboni ya jicho. Usiwaulize kama wameipenda, kwa sababu watoto wetu wana adabu na watasema ndiyo.

12. Nikipeleka mswada kwa mchapishaji, hawataniibia?

Katika miaka yote ya kazi hii, nimeona miswada mingi ikipotea kwenye makabati na michache mno ikiibwa. Kazi yako inalindwa na sheria tangu ulipoiandika. Tanzania na Kenya ulinzi huo hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Ukitaka ushahidi zaidi, sajili kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya, na tuma mswada kwa barua pepe ili tarehe ibaki.

13. Mchapishaji amenitaka nichangie gharama. Ni sawa?

Mchapishaji anayekuchagua hukulipa, hakutozi. Anayekutoza anakuuzia huduma ya uchapaji, nayo si haramu mradi aitwe kwa jina lake na wewe uondoke na nakala zote na haki zote. Tatizo ni wale wanaochukua pesa yako *na* haki zako. Mimi nilishalipia hivyo wakati naanza: nililetewa nakala mia mbili zenye jalada lililopinda, na mkataba uliosema haki ni zao kwa miaka kumi. Nilikuwa nimeusaini bila kusoma kipengele hicho, kwa furaha.

14. ISBN inapatikana wapi, na ni ya nini?

Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Ina tarakimu 13. Baada ya 978, namba 9987 au 9976 huonyesha Tanzania, na 9966 au 9914 Kenya. Ni kitambulisho cha kitabu tu, ili duka na maktaba wakipate. Haikupi hakimiliki, kwa hiyo mtu akikuuzia ISBN kwa maneno kwamba "inalinda kazi yako", amekuuzia hewa.

15. Nitapata shilingi ngapi?

Kidogo, na polepole. Mrabaha, yaani sehemu ya mauzo anayolipwa mwandishi, unaokutana nao sana kwenye mikataba ni asilimia 10, lakini neno la kuuliza ni "asilimia 10 ya nini?" Chukua kitabu cha shilingi 5,000. Kama ni ya bei ya jalada, unapata 500 kwa nakala. Kama ni ya fedha anayopokea mchapishaji, na duka limepewa punguzo la asilimia 40, hesabu inafanywa kwenye 3,000 na wewe unapata 300. Kwa nakala 2,000 zilizouzwa, tofauti ni kati ya shilingi 1,000,000 na 600,000. Mikataba yote miwili inasema "asilimia 10".

Omba taarifa ya mauzo angalau mara moja kwa mwaka, na iandikwe kwenye mkataba. Anayelipwa mara moja tu kwa jumla hana haja ya taarifa, ila naye ajue ameuza shamba, hajalikodisha.

16. Kuna tuzo za vitabu vya watoto?

Zipo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilianza na riwaya na ushairi, kisha hadithi za watoto zikaongezwa. Kenya, Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta ina kundi la vitabu vya watoto kwa Kiswahili. Soma masharti ya mwaka husika, kwa sababu nyingine hupokea miswada na nyingine vitabu vilivyokwisha chapwa tu.

## Kumfikia msomaji

17. Shule yetu ililetewa vitabu, lakini watoto hawavisomi. Kwa nini?

Nenda ofisi ya mwalimu mkuu ukatazame kabati. Nimeingia katika shule ambako vitabu vyangu vilikuwa bado ndani ya nailoni ya kiwandani, nyuma ya kufuli, miaka miwili baada ya kufika. Nilikasirika, mpaka mwalimu mkuu aliponionyesha daftari la mali: kitabu kikipotea, yeye ndiye anayeulizwa. Kikikaa kabatini hakuna anayeulizwa kwa nini hakikusomwa.

Kilichosaidia pale hakikuwa hotuba. Tulikubaliana kwa maandishi, kamati ya shule ikasaini, kwamba vitabu vya ziada ni vitu vya kuisha kama chaki. Kisha vikaningʼinizwa kwenye kamba darasani, kama nguo, kwa vibanio. Watoto huchukua wakati wa mapumziko. Baada ya muhula mmoja kumi vilikuwa vimeraruka na vinne havikuonekana tena. Mwalimu wa Darasa la Pili aliniambia vile vilivyoraruka ndivyo vinavyogombaniwa.

Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza 1991, ulilijua hili mapema. Ulinunua sehemu ya nakala kutoka kwa wachapishaji na kuzipeleka shuleni, lakini pia ulifundisha walimu namna ya kuzitumia. Bila sehemu ya pili, ya kwanza huishia kabatini.

18. Rafiki zangu Ulaya wanataka kutuma kontena la vitabu vya watoto. Tukubali?

Uliza kwanza ni vitabu gani. Mtoto anayejifunza kusoma Kiswahili hapati mengi kwenye kitabu cha Kiingereza kuhusu theluji, na ushuru na usafiri wa kontena ungeweza kununua nakala mpya za hapa. Waombe watume pesa kwa duka la vitabu lililo karibu na shule. Wengine hununa. Wengine huelewa, na mwandishi wa hapa hulipwa mrabaha wake.

19. Mimi ni mzazi, sina pesa ya vitabu. Nifanye nini?

Simulia. "Hadithi hadithi!" "Hadithi njoo!" haina bei. Msikilize mtoto akikusomea daftari lake, hata kama wewe husomi vizuri. Kitabu kimoja kikirudiwa mara thelathini ni bora kuliko thelathini vilivyosomwa mara moja, na mtoto wa miaka mitano atakuomba kilekile hata hivyo.

## Maswali ya pembeni

20. Hadithi niliyosimuliwa na bibi ni ya nani?

Ngano yenyewe haina mwenyewe mmoja. Ile ya kima, papa na punda wa dobi ilikusanywa Zanzibar na Edward Steere na kuchapwa London mwaka 1870, na hata wakati huo ilikuwa kongwe. Unaweza kuisimulia upya kwa maneno yako. Usichoweza ni kunakili maneno ya mwandishi mwingine aliyeisimulia juzi. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya 1999 ina sehemu juu ya sanaa za jadi, hivyo kwa kazi ya biashara waulize COSOTA kwanza. Na mtaje bibi kwenye ukurasa wa shukrani.

21. Kitabu changu hakichapwi tena. Naweza kukichukua?

Soma mkataba. Mzuri husema haki zinarudi kwako kitabu kikikosekana sokoni kwa muda fulani baada ya wewe kudai kwa barua. Usio na kipengele hicho (tazama swali la 13) unahitaji mazungumzo, na ukarimu wa mchapishaji. Kumbuka picha ni za mchoraji au za mchapishaji. Kupata maneno yako hakukupi picha.

22. Ndugu zangu Muscat wanataka watoto wao wasome Kiswahili. Vitabu hivihivi vitafaa?

Vitafaa, hasa vile vya kusomewa. Mtoto anayesikia Kiswahili kwa bibi yake lakini anasoma shuleni kwa Kiarabu anahitaji sauti kabla ya herufi, kwa hiyo mrekodie bibi akisoma, na umtumie mtoto kitabu pamoja na sauti kwenye simu.

23. Mtoto asiyeona atasomaje kitabu cha picha?

Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Tanzania na Kenya zimejiunga nao, unaruhusu vitabu kugeuzwa kuwa vya breli au vya sauti bila kungoja ruhusa ya mwenye haki. Wewe unaweza kurahisisha kazi: hifadhi faili la maandishi, na andika maelezo ya kila picha. Nilipofanya hivyo kwa kitabu cha Juma nilikuta ukurasa wa 14 hauna neno hata moja. Ni picha tu, na ndiyo watoto wanayoicheka kuliko zote. Nilikaa nayo jioni nzima. Mwishowe niliandika: *Mbuzi amelipata kopo. Kichwa cha mbuzi kimo ndani ya kopo.*